Mali Bila Daftari: Somo la Kuunda Majedwali ya Kanzidata

Wahenga wa pwani walituachia neno lisemalo: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili nalijua tangu utoto, maana mjomba wangu, mnunuzi wa pweza kwetu Kiswere, amelibandika ukutani juu ya mizani yake. Lakini katika likizo ya Juni mwaka 2025 nilijifunza ya kuwa mali yaweza kupotea hata daftari likiwapo, tena limeandikwa kwa mwandiko mzuri na kupigwa mistari kwa rula. Mwandishi wa daftari hilo nilikuwa mimi. Basi wasomaji wapenzi, nimeona yafaa nilieleze kosa langu kwanza, kisha nieleze elimu iliyonionyesha namna ya kulirekebisha, nayo ni elimu ya kuunda majedwali ya kanzidata.

KOSA LANGU

Kiswere ni kijiji cha wavuvi katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kusini ya Kilwa Masoko. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja maji ya bamvua; bahari hujaa sana na kupwa sana, na miamba hubaki wazi. Hapo wanawake kwa wanaume huteremka mwambani kuchokoa pweza. Wakirudi hupima kwa mjomba, mimi huandika, na bamvua ikimalizika kila mtu hulipwa fedha zake zote kwa pamoja.

Mwezi uliandama tarehe 25 Juni. Katika siku zile alikuja mama mmoja mara nne. Siku ya kwanza niliuliza jina lake, nikaliandika. Siku ya pili nilisikia wenzake wakimwita kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi yetu, nami nikaandika hivyo hivyo. Siku ya Ijumaa hakwenda mwambani. Jumamosi nikaandika jina lake tena. Jumapili palikuwa na watu wengi, nikaandika jina la mtaa anakotoka. Katika daftari mambo yalikuwa hivi (majina nimeyabadili):

25 Juni – Mwajuma – pweza 2 – kilo 3
26 Juni – Mama Hadija – pweza 3 – kilo 4
28 Juni – Mwajuma – pweza 2 – kilo 2.5
29 Juni – Bibi wa Mbuyuni – pweza 3 – kilo 4.5

Tarehe 30 Juni, siku ya malipo, nilijumlisha hesabu ya kila jina. Bei ya mjomba ilikuwa shilingi 6,000 kwa kilo. Chini ya jina la Mwajuma nilikuta kilo 5.5, yaani shilingi 33,000, nikamhesabia. Mama yule alizitazama zile noti, asizifunge katika pindo la kanga. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi kusoma sijui, lakini nilichokitoa baharini nakijua." Akaenda kwake, akarudi na kifuu cha nazi. Ndani yake mlikuwa na simbi kumi. Kila apatapo pweza mmoja hutia simbi moja, na bamvua ikiisha huzimwaga.

Nilibisha. Naona haya kuandika, lakini nilibisha, kwa kuwa daftari langu lilisema pweza wanne. Jioni ilipofika, watu wote walikuwa wamekwisha kulipwa, na mkononi mwa mjomba zilibaki shilingi 51,000 za "Mama Hadija" na "Bibi wa Mbuyuni", ambao hawakutokea kuzichukua. Ndipo mjomba alipoelewa.  Nilihesabu pweza wa mistari ile minne, nikapata kumi kamili. Kilo zilikuwa 14, na haki yake ilikuwa shilingi 84,000. Nilitumwa usiku ule ule nimpelekee zilizobaki na kumwomba radhi. Alizipokea akasema, "Yamekwisha, mwanangu. Ila kesho niandike mtu mmoja."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo somo zima la makala haya. Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa kompyuta kisa hiki, naye akaniambia kwamba watu wenye elimu kubwa walihangaika na jambo lilo hilo, nao walipata dawa yake zaidi ya miaka 50 iliyopita.

JEDWALI NA KANZIDATA

Neno jedwali tumelipata kwa Waarabu, na kwao neno hilo lina maana pia ya mfereji wa maji. Mfano huu wapendeza, kwa maana katika jedwali kila habari hupita katika mfereji wake; tarehe haziingii katika mfereji wa majina, wala kilo katika mfereji wa fedha. Kanzi ni hazina. Kwa hiyo kanzidata ni hazina ya habari zilizowekwa kwa mpango ndani ya kompyuta, hata zikatafutwa na kupatikana upesi.

Mtu aliyeleta mpango wa majedwali yenye kuhusiana ni Mwingereza Edgar Codd, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma hisabati Oxford, akarusha ndege za vita wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha akahamia Marekani kufanya kazi katika kampuni ya IBM. Mwaka 1970 alitoa makala akieleza ya kuwa habari zote, hata ziwe nyingi namna gani, zaweza kuwekwa katika majedwali ya kawaida, na majedwali hayo yakafungamana kwa thamani zilizoandikwa ndani yake tu. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka habari katika kompyuta ilimbidi ajue njia ya kuifikia, kama mgeni anayeingia mikoko bila kiongozi. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kuyaamuru na kuyauliza majedwali hayo. Leo yaitwa SQL. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981, akafariki mwaka 2003. Lugha ile bado yatumika duniani kote.

KWANZA FIKIRI, NDIPO UUNDE

Wanafunzi wengi, nami nikiwa mmojawapo, hukimbilia kugonga vibonye kabla ya kufikiri. Mwalimu alituzuia. Alitupa karatasi na kalamu, akatuuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: Daftari lenu linasema habari za vitu gani? Mimi nilijibu, "Pweza." Alikataa. Tukalitazama tena daftari, tukaona lasema habari za vitu viwili vilivyochanganywa. Kipo kitu kiitwacho mchokoaji, yaani mtu. Na lipo tukio, yaani mavuo ya siku moja. Mtu ni mmoja, mavuo yake ni mengi. Kosa langu lilikuwa kumwandika mtu upya kila alipoleta mavuo, nami kila nilipomwandika upya nilipata nafasi mpya ya kukosea. Kanuni ni hii: kila kitu kiwe na jedwali lake, na kila habari iandikwe mahali pamoja tu.

Swali la pili: Kila kimoja kitatambulikanaje? Jina halitoshi. Mtu mmoja ana majina matatu, kama tulivyoona. Na kwetu pwani akina Mwajuma ni wengi, hata ningaliweza kuwaunganisha wawili wakawa mmoja, na fedha za huyu zikaenda kwa yule. Yatakiwa alama isiyofanana na nyingine, isiyobadilika, na isiyokosekana. Alama hiyo yaitwa ufunguo mkuu.

Sisi wa Kidato cha Nne twaijua hekima hii hata kama hatukuifahamu jina lake. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, halimtambui mtahiniwa kwa jina peke yake. Kila mmoja hupewa namba yenye sehemu mbili: namba ya kituo, na namba yake katika kituo hicho. Sehemu ya pili ikiwa peke yake haifai kitu, maana kila kituo kina mtahiniwa wake wa kwanza. Zikiungana, pamoja na mwaka wa mtihani, hapana wawili wanaolingana. Huo ni ufunguo uliofanywa kwa sehemu kadha.

Nilipendekeza tutumie namba ya Kitambulisho cha Taifa, ambayo ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mwalimu aliniuliza: Asiye nacho kitambulisho hauzi pweza? Na kwa nini mnunuzi wa pweza ajue siku ya kuzaliwa ya kila mtu? Nikanyamaza. Basi tukachagua namba ndogo yetu wenyewe: 1, 2, 3 na kuendelea.

Swali la tatu: Habari gani isiandikwe kabisa? Swali hili lilinishangaza. Katika daftari langu nilikuwa na safu ya kilo, safu ya bei, na safu ya jumla ya fedha. Lakini fedha ni kilo mara bei. Nikisahihisha kilo nikasahau kusahihisha fedha, daftari litasema maneno mawili yanayopingana, wala hakuna ajuaye lipi la kweli. Kwa hiyo kinachoweza kupatikana kwa hesabu kisiandikwe. Lakini bei iandikwe pamoja na kila mavuo, kwa sababu bei hupanda na kushuka. Bei ya leo haiwezi kutwambia mjomba alinunua kwa kiasi gani mwezi uliopita.

AMRI ZENYEWE

Tulitumia programu iitwayo SQLite, iliyotolewa na Mmarekani Richard Hipp mwaka 2000. Haina malipo, ni ndogo, haihitaji intaneti, na kanzidata yake yote hukaa katika faili moja. Hili la kwanza ni jedwali la watu:

CREATE TABLE wachokoaji (
  namba INTEGER PRIMARY KEY,
  jina TEXT NOT NULL,
  lakabu TEXT,
  kijiji TEXT NOT NULL
) STRICT;

Tulifasiri neno kwa neno. CREATE TABLE ni kusema "unda jedwali", na linalofuata ni jina lake. Ndani ya mabano, kila mstari ni safu moja, ukianza na jina la safu kisha aina ya habari itakayoingia humo. INTEGER ni namba kamili isiyo na sehemu. TEXT ni maandishi. PRIMARY KEY ndio ufunguo mkuu. NOT NULL maana yake nafasi hiyo isiachwe tupu. Lakabu haikuwekewa sharti hilo, kwa kuwa si kila mtu ana jina la utani. Lakini aliye nalo huandikwa hapo mara moja, na yule ambaye watu humwita Mama Hadija hupatikana bila kuzaliwa mara ya pili. Neno STRICT mwishoni huiagiza SQLite ishike sheria ya aina za habari. Bila neno hilo yaweza kukubali maandishi mahali pa namba. Neno hilo liliongezwa mwaka 2021, kwa hiyo matoleo ya zamani hayalijui.

Jedwali la pili ni la mavuo:

CREATE TABLE mavuo (
  risiti INTEGER PRIMARY KEY,
  mchokoaji INTEGER NOT NULL REFERENCES wachokoaji(namba),
  tarehe TEXT NOT NULL,
  idadi INTEGER NOT NULL CHECK (idadi > 0),
  kilo REAL NOT NULL CHECK (kilo > 0),
  bei INTEGER NOT NULL CHECK (bei > 0)
) STRICT;

Hapa pana mambo matatu mapya. REAL ni namba iwezayo kuwa na sehemu, kama 2.5. CHECK ni sharti: mavuo ya kilo sifuri au chini ya sifuri hayaingii. Na REFERENCES ndiyo kamba inayofunga jedwali hili na lile la kwanza. Yasema: namba itakayoandikwa katika safu ya mchokoaji sharti iwepo kwanza katika jedwali la wachokoaji. Namba hiyo yaitwa ufunguo mgeni, maana kwao ni kwingine. Hapa imekuja kutembea tu. Angalia pia ya kuwa SQLite haina aina maalumu ya tarehe. Tuliziandika kama maandishi, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, mfano 2025-06-25, nazo zikipangwa hujipanga kwa utaratibu wa wakati.

Tukampa mama yetu namba 7, tukaingiza mavuo yake manne, kisha tukauliza:

SELECT SUM(kilo * bei) FROM mavuo WHERE mchokoaji = 7;

Yaani, "Jumlisha kilo mara bei katika mavuo yote ya mchokoaji wa 7." Jibu lilikuja mara moja: 84,000. Nililitazama jibu hilo kwa muda mrefu kuliko wenzangu.

MLINZI ALIYELALA

Nikataka kujaribu ukali wa ile kamba. Niliingiza mavuo ya mchokoaji namba 99, ambaye hayupo. Nilitazamia kukataliwa, lakini mashine ilikubali! Mwalimu alicheka, akasema, "Mlinzi umemwajiri, lakini hukumwamsha." Kumbe SQLite kwa kawaida haikagui funguo ngeni mpaka iamriwe hivi, kila unapoifungua:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Nilifuta ule mstari wa uongo, nikatoa amri hii, nikajaribu tena. Safari hii nilikataliwa. Basi msomaji, usiiamini sheria kwa kuiona imeandikwa. Ijaribu kwa kuivunja uone kama itakuzuia.

SHERIA NYINGI MNO

Mwenzangu mmoja alitoa shauri jema. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zakataza kuvua pweza mwenye uzito chini ya gramu 500. Kwa nini basi tusiweke sharti la CHECK, jedwali likatae pweza wadogo? Tulibishana nusu saa. Mwisho tuliona si vema. Jedwali likikataa, pweza mdogo hatarudi baharini, maana amekwisha kufa. Atakayebadilika ni mwandishi: ama ataandika uzito wa uongo, ama hataandika kabisa. Daftari lisilokubali habari mbaya huwafundisha watu kusema uongo. Afadhali ukweli uingie, kisha tuulize ni siku zipi kilo zikigawanywa kwa idadi zilikuwa chini ya nusu kilo. Wakubwa wa kijiji wapate kujua hali ya mwamba wao. Masharti ya jedwali yazuie yasiyowezekana, yasizuie yasiyopendeza.

YASIYOWEZWA NA MASHINE

Yanipasa kusema kweli mpaka mwisho. Nikiandika 1 mahali pa 7, jedwali litakubali, kwa kuwa mtu namba 1 yupo. Kamba yajua kwamba mtu yupo. Haijui kwamba ndiye. Hapo dawa ni ya kale: mwandishi amtazame mtu usoni, asome kwa sauti namba na jina na kilo, mwenyewe akubali, ndipo aandike.

Wala tusidhani ya kuwa elimu hii ni ya wenye kompyuta tu. Mjomba hana kompyuta. Nilipokwenda nyumbani tena nilimnunulia madaftari mawili. La kwanza ni la watu, kila mmoja na namba yake, jina lake, lakabu yake na kijiji chake. La pili ni la mavuo, nalo halina jina hata moja, ila namba. Kila mchokoaji amepewa kipande cha kadi chenye namba yake. Mama yetu ni namba 7. Kadi yake ameitia ndani ya kile kifuu, pamoja na simbi, na siku ya malipo huvileta vyote viwili. Mjomba humwuliza kwa mzaha kama bado hamwamini mwandishi. Yeye hujibu kwamba amwamini, ila simbi hazijapata kumdhulumu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika daftari la maktaba ya shule, jina la mwanafunzi, kidato chake, kitabu alichoazima na tarehe vimeandikwa katika mstari mmoja. Yagawe katika majedwali matatu, na taja ufunguo mkuu wa kila moja.

2. Kwa nini umri wa mwanafunzi usiandikwe katika jedwali, bali tarehe yake ya kuzaliwa?

3. Andika amri ya kuunda jedwali la wanafunzi wa bweni lako. Safu zipi hazifai kuachwa tupu? Safu ipi yaweza kuachwa?

4. Mwulize mtu mmoja wa nyumbani asiyejua kusoma anavyotunza hesabu zake. Njia yake ina ufunguo mkuu? Mletee mwalimu jibu muhula ujao.